Nyumba ya Mawe na Nyumba ya Watu

Wasikilizaji wangu, jioni ya leo nataka kusema nanyi juu ya neno moja ambalo sote twalitumia kila siku bila kulitazama vema, nalo ni neno "nyumba". Mtu akisema nyumba, yawezekana amekusudia mawe, miti na mabati. Lakini yawezekana pia amekusudia watu. Twasema, "Fulani ni wa nyumba kubwa," wala hatusemi habari ya vyumba vyake. Twauliza, "Huyu ni wa mlango gani?" wala hatuulizi habari ya mbao na bawaba, ila twataka kujua amezaliwa na nani, babu yake ni nani, na ni tawi lipi la ukoo lililomtoa. Lugha yetu imeyafunga pamoja mambo hayo mawili, jengo na nasaba, kana kwamba ni kitu kimoja.

Je, ni kitu kimoja kweli? Nyumba ya mawe ikianguka, nyumba ya watu huanguka nayo? Na nyumba ya watu ikikatika, mawe yaweza kusimama badala yao? Hilo ndilo nitakalolichungua pamoja nanyi. Nami nitaanza Kibosho, kisha nitawachukua mbali kidogo, halafu nitawarudisha mlimani.

Mtu akisimama katika mji wa Moshi, penye mnara wa saa, akaelekeza uso wake kaskazini siku isiyo na mawingu, huuona mlima wa Kilimanjaro wote, toka theluji hata nyika. Chini ya msitu ataona ukanda mpana wa kijani. Mgeni hudhani ya kuwa huo nao ni msitu, kumbe ni vihamba: migomba, na mibuni chini ya migomba, na nyumba zilizofichwa ndani yake. Sehemu ya ukanda huo iliyo kati ya Machame upande wa magharibi na Uru upande wa mashariki ndiyo Kibosho.

Basi, Mchagga hana haja ya kufundishwa ya kuwa nyumba na nasaba ni ndugu. Kihamba chake ni shamba, na makao, na makaburi ya wazee wake, vyote mahali pamoja. Mpaka wake huonyeshwa kwa masale, majani ambayo hakuna mtu mwenye adabu ang'oaye ovyo. Kwa desturi, mwana wa kwanza hupewa kihamba chake, na kitinda mimba hubaki katika kihamba cha baba na mama, akawazika, akapalinda. Hata maji yana nasaba: mifongo, yaani mifereji iletayo maji toka makorongoni, ilihesabiwa kuwa mali ya ukoo wa yule aliyeichimba kwanza, na wajukuu wake ndio waliokuwa na neno la kwanza katika kuyagawa maji.

Katika karne ya 19 mlima huu haukuwa na mfalme mmoja. Kila mgongo wa nchi uliokatwa na makorongo ulikuwa na Mangi wake. Johannes Rebmann, Mzungu wa kwanza aliyeandika ya kuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro, alipofika mwaka wa 1848 alimkuta Masaki akitawala Kilema na Mamkinga akitawala Machame. Kila Mangi alikuwa na askari wake, ng'ombe wake, na hesabu yake ya mababu. Na kila mmoja alimtazama jirani yake kwa jicho la hadhari.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo nyumba mbili zilikua kupita nyingine zilizokuwa jirani nazo. Ya kwanza ni nyumba ya Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mji tuuitao Moshi leo haukuwako bado. Moshi ya Rindi ilikuwa juu mlimani, nayo ndiyo iitwayo leo Moshi ya Kale. Ya pili ni nyumba ya Sina wa Kibosho. Watu hawa wawili walikuwa mahasimu, nao walitumia silaha zisizofanana. Silaha kubwa ya Rindi ilikuwa ulimi. Aliwapokea wasafiri wa pwani na Wazungu, akawatumia kama mtu atumiavyo fimbo ya kuazima. Mwaka wa 1885 alitia mkono katika mkataba na mjumbe wa Wadachi, yaani Wajerumani, aliyeitwa Karl Jühlke.

Silaha kubwa ya Sina ilikuwa jiwe. Alijenga Kibosho ngome ya kuta za mawe, katika nchi ambayo wengi walijenga kwa miti na majani, na waliofika huko waliishangaa. Sina alifahamu ya kuwa ukuta ni maneno pia. Ukuta humwambia rafiki, "Hapa pana mtu wa kukaa," na humwambia adui, "Usijaribu." Machame waliyasikia maneno hayo, na Moshi waliyasikia.

Lakini mwezi wa Februari mwaka wa 1891, Hermann von Wissmann alifika mlimani na askari wake na mizinga, na mashujaa wa Rindi wakafuatana naye. Mawe yaliyowekwa kumzuia mtu wa mkuki na bunduki ya gumegume hayakuwekwa kuuzuia mzinga. Ngome ikatekwa. Rindi akamwona hasimu yake ameinama. Lakini naye hakukaa sana kuifurahia siku hiyo, kwa kuwa alikufa mwaka uo huo wa 1891.

Sasa angalieni jambo hili. Ngome ilianguka, lakini nyumba ya Sina haikuanguka. Sina aliendelea kuwa Mangi wa Kibosho. Mwaka wa 1893, naye angali hai, mapadre wa shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni katika nchi yake. Alikufa mwaka wa 1897, na Molelia, mwana wake, akashika kiti. Nyumba ya watu ilisimama juu ya mawe yaliyobomoka.

Haukupita muda mrefu ikaja siku iliyokuwa mbaya kuliko ile ya mizinga. Wadachi waliambiwa ya kuwa Mamangi wanafanya shauri la siri la kuwaondoa. Watu walioichungua historia ya mlima husema ya kuwa maneno hayo yalitoka upande wa Marealle wa Marangu, aliyekuwa na fitina zake na wenzake. Tarehe 2 Machi mwaka wa 1900, huko Moshi ya Kale, Wadachi waliwanyonga wakuu 19. Mmoja wao alikuwa Meli, mwana wa Rindi, aliyewashinda Wadachi vitani mwaka wa 1892. Mwingine alikuwa Molelia, mwana wa Sina. Baba zao walikuwa maadui. Wana wao walikufa siku moja, mahali pamoja, kwa hukumu moja. Rindi alimwita mgeni amvunjie ukuta wa jirani. Na katika miaka tisa mgeni yule yule akawavunja wana wa nyumba zote mbili.

Huenda msikilizaji mmoja akasema moyoni, "Hayo ni mambo ya watu wa mlimani, waliogawanyika kwa makorongo; mataifa makubwa hayakuwa hivyo." Sivyo hata kidogo. Hao Waingereza waliokuja kuutawala mlima baada ya Wadachi walikuwa na habari kama hiyo katika nchi yao wenyewe, tena ndefu zaidi na yenye damu nyingi zaidi. Na kwa kuwa makabaila wao walijenga majumba katikati ya mji wa London, habari yao yafaa sana kwa swali letu la jengo na nasaba.

Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza alikufa mwaka wa 1377. Aliacha wajukuu wa wana kadhaa, na kila mwana alikuwa ameanzisha mlango wake. Mlango mmoja uliitwa Lancaster, mwingine uliitwa York. Kwa desturi ya Waingereza, kinyume cha desturi ya Wachagga, cheo na nchi siku zile vilikwenda kwa mwana wa kwanza peke yake. Basi swali la nani ametangulia kuzaliwa na nani, tangu kwa babu wa babu, halikuwa mazungumzo ya jioni tu: lilikuwa swali la taji. Mwaka wa 1399 mtu wa mlango wa Lancaster alimwondoa binamu yake katika kiti, akatawala yeye, na mwana wake, na mjukuu wake. Ndipo Richard wa York akafungua daftari ya nasaba. Kwa upande wa baba yake alitoka kwa mwana wa Edward aliyekuwa mdogo kuliko yule wa Lancaster; lakini kwa upande wa mama yake alitoka kwa mwana aliyekuwa mkubwa kuliko huyo. Kwa hiyo alidai taji.

Vita vilianza mwaka wa 1455 katika mji wa St Albans, vikawaka na kuzimika na kuwaka tena kwa muda wa miaka 30. Richard wa York aliuawa mwaka wa 1460. Mwaka uliofuata mwana wake alishinda pale Towton, akawa mfalme. Makabaila walihama toka upande huu kwenda upande ule kama Mamangi walivyohama. Aliyeshindwa hakupoteza kichwa tu: baraza la nchi liliweza kutunga sheria ya kumnyang'anya cheo na ardhi, na kutangaza ya kuwa damu yake imeharibika, hata watoto wake wasirithi kitu. Tarehe 22 Agosti mwaka wa 1485, pale Bosworth, Mfalme Richard wa Tatu wa mlango wa York aliuawa vitani, na Henry Tudor akatwaa taji. Mwaka wa 1486 Henry akamwoa Elizabeth, binti wa York, na milango miwili ikapatanishwa katika kitanda kimoja baada ya kushindwa kupatanishwa kwa upanga. Lakini hata hapo hofu haikwisha. Mwaka wa 1499 Henry alimkata kichwa kijana Edward wa Warwick, wa mwisho wa kiume aliyezaliwa kwa ndoa halali katika ukoo ule mkubwa wa Plantagenet, na kosa lake kubwa lilikuwa damu iliyomo mwilini mwake.

Majumba yao je? John wa Gaunt, baba wa mlango wa Lancaster, alikuwa na jumba kando ya mto Thames lililoitwa Savoy, na watu walisema ya kuwa hakuna jumba zuri kama hilo nchini. Mwaka wa 1381 wakulima walioasi kwa sababu ya kodi walilichoma moto. Baadaye palijengwa hapo hospitali ya maskini, na mwaka wa 1889 hoteli ya watu wenye fedha ikafunguliwa, nayo yaitwa Savoy hata leo. Jina limebaki, mwenye nyumba alikwenda zamani.

Tena kulikuwa na Richard Neville, kabaila wa Warwick, mtu mwenye nguvu hata Waingereza wakamwita mtengeneza wafalme. Mwaka wa 1458 aliingia London na watu 600 wenye majoho mekundu, wakakaa katika jumba lake. John Stow, aliyeandika habari za mji ule mwaka wa 1598, asema ya kuwa ng'ombe sita waliliwa humo kwa mlo mmoja wa asubuhi. Warwick aliuawa vitani mwaka wa 1471, naye hakuacha mwana wa kiume. Jumba halipo. Kimebaki kichochoro kiitwacho Warwick Lane, na wapitao humo kwenda kazini hawajui habari ya ng'ombe wala ya majoho.

La tatu ndilo lipendezalo zaidi. Thomas Stanley, aliyengoja kando ya uwanja wa Bosworth na jeshi la nyumba yake likaingia upande wa Henry, alipewa cheo kikubwa cha Derby mwaka wa 1485, akajenga jumba katikati ya London. Mwaka wa 1555 Malkia Mary aliwapa jumba hilo waandishi wa nasaba, yaani watu wa serikali ambao kazi yao ni kuandika ni nani amezaliwa na nani, na ni nani mwenye haki ya alama ya ukoo gani. Moto mkubwa wa London wa mwaka wa 1666 uliliteketeza jumba; walakini vitabu viliokolewa, na nyumba nyingine ikajengwa mahali pale pale, na kazi yaendelea hata leo. Mawe ya Stanley yaliungua, karatasi ziliokoka. Hapo, wasikilizaji wangu, twaanza kulipata jibu la swali letu. Jengo halihifadhi nasaba. Kinachohifadhi nasaba ni mtu aliyeandika, na mtu aliyekimbia na vitabu moto ulipowaka.

Hata hivyo msidhani ya kuwa kuandika peke yake kwatosha. Wale makabaila walijua nasaba zao kwa usahihi mkubwa, na ujuzi huo ndio uliokuwa kuni za moto wao. Tena daftari zao zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: zilihesabu baba kwa baba, na wanawake walitajwa pale tu walipoleta shamba au taji. Upungufu huo ulikuja kufunuliwa kwa njia ya ajabu sana.

Mwili wa Richard wa Tatu ulizikwa mwaka wa 1485 kwa haraka katika kanisa la watawa mjini Leicester. Kanisa likavunjwa, kaburi likasahauliwa, na mji ukajengwa juu yake. Mwaka wa 2012 wachimbaji walifukua uwanja wa kuegesha magari katikati ya mji huo, wakaona mifupa ya mtu mwenye uti wa mgongo uliopinda na majeraha ya vita kichwani. Wangejuaje ni nani? Walipima vinasaba, yaani zile alama za urithi zilizomo mwilini mwa kila mtu. Iko alama ambayo mtoto huipata kwa mama yake tu. Anne wa York, dada wa Richard, alikuwa na binti, na binti akazaa binti, na mnyororo huo wa wanawake ulifuatwa hata kuwafikia watu walio hai zaidi ya miaka 500 baadaye. Alama zikapatana. Mwaka wa 2015 Richard akazikwa kwa heshima.

Wataalamu walijaribu pia njia ya baba kwa baba, iliyoandikwa kwa fahari katika vitabu vya makabaila. Hiyo haikupatana. Mahali fulani katika mnyororo wa wanaume, mwana mmoja hakuwa wa damu ya yule aliyeandikwa kuwa baba yake. Basi mfalme aliyepotezwa na vita vya wanaume, ambavyo sababu yake ilikuwa nasaba ya wanaume, alitambuliwa kwa wanawake ambao wengi wao hakuna aliyeona haja ya kukumbuka majina yao.

Sasa na turudi mlimani. Maana jambo hilo la mifupa latuhusu sisi kwa uchungu. Watu wa Moshi ya Kale wamesimulia kwa vizazi ya kuwa baada ya kunyongwa Mangi Meli, kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa Ulaya. Katika miaka ya ukoloni mafuvu mengi ya watu wa Afrika ya Mashariki yalipelekwa Berlin, yakatiwa namba, yakawekwa rafuni. Mwaka wa 2023 wakuu wa makumbusho ya Berlin walitangaza ya kuwa, kwa kupima vinasaba vya mafuvu na vya watu walio hai Tanzania, jamaa za watu watatu wameonekana katika nchi ya Wachagga. Fuvu la Meli mwenyewe halikutambulikana katika upimaji huo. Fikirini, watu walikaa zaidi ya miaka 120 wakijua ya kuwa mzee wao hayumo katika kihamba alimostahili kulala. Sayansi ilifanya kazi yake. Lakini ilianzia wapi? Ilianzia kwa wazee waliojua kusema, "Mimi ni mjukuu wa fulani, naye ni mwana wa fulani." Pasipo maneno hayo, wataalamu wasingejua wamwite nani.

Nasi hatukukosa waandishi. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, alikwenda kwa wazee katika nchi za Mamangi, akauliza, akaandika habari za koo na watawala katika madaftari yake. Alikufa mwaka wa 1927. Mangi Petro Itosi Marealle aliandika kwa Kiswahili kitabu juu ya maisha ya Mchagga hapa duniani na ahera, kikachapwa mwaka wa 1947. Na mwanamke wa Kiingereza, Kathleen Stahl, aliyechapisha mwaka wa 1964 historia ya Mamangi nchi kwa nchi, alifuata nyayo za Mtui na kuketi na wazee. Habari nyingi za Sina na Rindi nilizowaambia zingekuwa zimekwisha zamani kama watu kama hao wasingekaa chini na kuandika.

Zilikuja pia siku za nasaba kutumiwa tena kwa kugombea. Mwaka wa 1946 serikali ya Waingereza iliweka Mamangi wakubwa watatu, walioitwa Mangi Mwitori, juu ya Hai, Vunjo na Rombo. Kibosho ikawekwa katika Hai, chini ya Abdiel Shangali wa Machame. Tazameni: watu wa nchi ya Sina waliambiwa wamwangalie mtu wa nchi iliyokuwa adui yao kuwa mkubwa wao. Manung'uniko yalikuwa mengi mlimani, na mwaka wa 1949 Petro Njau na wenzake walifanya chama cha raia wa Kichagga kudai Mangi Mkuu mmoja atakayechaguliwa na watu. Akachaguliwa Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa Marangu, naye akatawazwa mwaka wa 1952. Kwa hiyo hata kwa kura watu walichagua nyumba ya Mamangi. Ila safari hii nyumba iliingia kwa ruhusa ya watu, na mwaka wa 1960 watu hao hao wakachagua utawala wa raisi badala ya Mangi Mkuu. Mwaka wa 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta vyeo vya machifu nchini mwote.

Sasa shukeni pamoja nami mpaka mjini. Mji wa Moshi wa leo ulizaliwa na reli. Reli toka Tanga ilifika mwaka wa 1911, na kwa kuwa gari la moshi haliwezi kupanda mpaka ikulu ya Mamangi, mji ulishuka uwandani kulilaki. Si ukoo wa Mangi uliojenga mji huo. Reli ilijengwa kwa nguvu za wafanya kazi wa makabila mengi, na wafanya biashara wa Kihindi wakafungua maduka. Kisha, karibu na mnara wa saa, likasimama jumba la ghorofa la chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ambacho kila mtu hukiita KNCU. Kazi yake ilitangulia kuanzishwa na chama kingine cha wakulima mwaka wa 1925, na Joseph Merinyo akawa raisi wake. Chama cha ushirika kikaandikishwa mwaka wa 1933.

Sisemi ya kuwa nyumba hiyo ilikaa kwa amani siku zote. Mwaka wa 1937 wakulima wengine walifanya fujo kukipinga chama, kwa kudhani ya kuwa kimekuwa mkono wa serikali. Walakini jumba hilo lina jambo moja ambalo ngome ya Sina haikuwa nalo, wala jumba la Savoy. Halikubeba jina la ukoo wowote. Lilijengwa kwa kahawa ya Kibosho na kahawa ya Machame, ya Uru na ya Marangu, na mjukuu wa mashujaa wa Sina alipima kahawa yake sawasawa na mjukuu wa mashujaa wa Rindi. Mwaka uo huo wa 1963 uliofuta cheo cha Mangi ndio mwaka chuo cha ushirika kilipofunguliwa Moshi. Mizani ilifanya kazi ambayo ukuta ulishindwa kuifanya.

Basi jibu langu ni hili. Nyumba ya mawe na nyumba ya watu si kitu kimoja, ijapokuwa neno ni moja. London mawe yamebadilika, na majina yakabaki juu ya milango ya wageni. Kibosho ukuta ulianguka, na watu wakabaki. Ajengaye ukuta ili nasaba yake iwe juu ya nasaba ya jirani, amejenga kwa muda mfupi tu. Lakini asiyeijua nasaba yake naye ni maskini, na siku moja huenda akaulizwa na watu wa mbali, "Mifupa hii ni ya nani?" naye akakosa jibu.

Kwa hiyo nawaomba kila mmoja wenu jambo moja dogo, ambalo halitaki fedha. Mwendee mzee wa mlango wako angali na pumzi, chukua daftari, uandike. Kama wewe ni mtu wa misheni, vitabu vya ubatizo vya parokia vitakusaidia, kwa maana humo baba ameandikwa, na mama ameandikwa pia. Wala usimwache mama. Mzee wako atakutajia baba kumi kwa mpigo mmoja kama mtu ahesabuye ng'ombe wake, kisha atanyamaza. Usiondoke hapo. Mwulize, "Na huyu wa kwanza, aliyekipanda kihamba hiki, mama yake aliitwa nani?" Watu wa Moshi ya Kale hawakumsahau Mamchaki, mama yake Rindi. Mzee wako akifikiri kwa muda, akakumbuka, andika upesi jina hilo. Na asipokumbuka, muulize dada yake, kwa maana mara nyingi mwanamke ndiye aliyeliweka.